Saa moja na nusu ya maswali: kliniki ya ukuaji wa watoto mjini Mtwara

Kati ya Novemba na Juni nimesafiri mara tano kutoka Newala kwenda Mtwara mjini, na mara moja kwenda Dar es Salaam, nikifuatana na mkamwana wangu na mwanawe wa kiume. Tulipoanza safari hizo mtoto alikuwa na umri wa miaka 2 na miezi 3, alikuwa ameanza kutembea akiwa na miezi 22, na alikuwa na neno moja tu, ambalo mama yake peke yake ndiye aliyelitambua kuwa ni neno. Tulikwenda kutafuta sababu. Ninachoandika hapa ni tathmini ya kliniki iliyotuhudumia, ambayo hufanyika siku moja kwa wiki katika hospitali moja mjini humo, na ambayo kazi yake ni kuwachunguza watoto wadogo waliochelewa hatua za ukuaji. Sitaitaja hospitali kwa jina, kwa sababu watumishi wa kliniki hiyo ni wachache, na lawama nitakazozitoa zingewaangukia watu wawili au watatu ambao, kwa jumla, ninawashukuru.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa ghala katika chama cha msingi cha ushirika, kazi ya mizani, bambo (chuma cha kuchoma gunia ili kutoa sampuli) na stakabadhi, na mazoea ya kuandika kila kitu hayajanitoka. Daftari langu lina ukurasa mzima wa mambo yaliyofanyika kabla hatujaifikia kliniki hii, na inafaa nianze nao, kwa kuwa bila huo msomaji hataona ninachokisifu ni kitu gani. Zahanati ilituambia tusubiri, kwamba watoto wa kiume huchelewa. Mke wangu alimpeleka mtoto kwa dada yake Mikindani, akafukiwa miguu katika mchanga wa pwani kwa asubuhi saba mfululizo, jambo ambalo halikumdhuru wala kumsaidia, na ambalo mimi mwenyewe sikulipinga. Baadaye, tulipokuwa Dar es Salaam msibani, tulielekezwa kwenye kituo cha vipimo kinachouza kile walichokiita kifurushi cha ukuaji: picha ya CT ya kichwa, kipimo cha umeme wa ubongo, na vipimo vya damu ambavyo hakuna aliyetueleza ni vya nini. Hakuna aliyetuuliza swali hata moja zaidi ya jina, umri na namna ya malipo. Tulilipa shilingi 480,000 na majibu yote yakarudi yakisema kawaida. Hatimaye, katika kambi ya uchunguzi wa bure, mtoto alitiwa kifaa kidogo sikioni, taa ikawaka kijani, tukaambiwa masikio yake ni mazima.

Kwa hiyo tuliingia kliniki ya Mtwara tukiwa na bahasha iliyosema mtoto hana tatizo, na mtoto ambaye alikuwa nalo.

Tulifika saa 1 asubuhi na kuingia kwa daktari saa 6 mchana. Habari ya foleni nitairudia. Daktari, mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yangu, aliniamkia, akaichukua bahasha yetu, akaitazama kwa muda usiozidi dakika mbili, akaiweka kando kwa adabu na kusema kwamba angependa kwanza asimuliwe. Nilikunja uso. Nilikuwa nimelipia karatasi zile.

Maswali yake yalichukua saa moja na nusu, na ninasema bila kusita kwamba hicho ndicho kipimo bora tulichopata katika miezi yote saba. Aliuliza juu ya mimba na homa zilizompata mama, juu ya vipimo vya kaswende na VVU ambavyo kadi ya wajawazito ilionyesha vilifanyika, juu ya uchungu ulichukua saa ngapi, na kama mtoto alilia mara alipozaliwa. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na alama ya Apgar, ambayo hutolewa dakika ya 1 na dakika ya 5 baada ya kuzaliwa, kwa kuangalia mapigo ya moyo, upumuaji, rangi, ulegevu wa mwili na namna mtoto anavyoitikia akiguswa; mjukuu wangu alipata 8 na kisha 10, na daktari akatueleza kwamba alama hizo zinafanya shaka ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ambayo ni sababu kubwa ya ulemavu wa watoto nchini mwetu, kuwa ndogo. Aliuliza kama mtoto aliwahi kupata degedege, malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Aliuliza kama kuna jambo lolote ambalo mtoto alikuwa akilifanya kisha akaacha kulifanya, na alilirudia swali hilo kwa namna tatu tofauti, kwa sababu, alivyosema, mtoto anayechelewa na mtoto anayerudi nyuma hawachunguzwi kwa njia moja. Aliuliza kama wazazi wana undugu wa damu. Mengine yalinishangaza kwa jinsi yalivyoijua mikoa yetu. Alitaka kujua chumvi ya nyumbani hununuliwa wapi, kwa sababu chumvi inayovunwa katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara mara nyingine huuzwa kwa bakuli bila kutiwa madini joto, na mama mjamzito akiyakosa madini hayo, ubongo wa mtoto hupungukiwa tangu tumboni. Alitaka kujua kama tunakula mihogo michungu na inalowekwa siku ngapi, ingawa alikiri kwamba konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu ya mihogo hiyo, humlemaza miguu kwa ghafla mtu aliyekuwa akitembea vizuri, na kwa hiyo haifanani na hali ya mtoto wetu. Aliuliza lugha za nyumbani. Mke wangu humsemesha Kimakonde na mama yake humsemesha Kiswahili, na jirani mmoja alikwisha kutuonya kwamba tunamchanganya; daktari alisema lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, na tusimnyime hata moja.

Kisha akauliza kama mtoto aliwahi kupata manjano.

Mkamwana wangu alijibu kuwa ndiyo, siku ya tatu, macho yake yalikuwa ya njano hadi siku ya tisa au ya kumi, na alikuwa mzito wa kunyonya na kulia kwa sauti nyembamba. Wanawake wa nyumbani walimwanika juani asubuhi, kama ilivyo desturi. Alirudishwa kituoni siku ya tano, akaangaliwa kwa macho, mama akaambiwa ni manjano ya kawaida, aendelee na jua. Damu haikupimwa. Daktari aliinamia daftari lake, akaandika, kisha akauliza swali ambalo nililiona la ajabu kuliko la mihogo: nguo za mtoto zilitoka wapi, na zilihifadhiwaje kabla hajazaliwa?

“Zilikuwa kwenye sanduku la mzee,” alijibu mkamwana wangu, “za watoto wa shangazi yake.”

“Na sandukuni mnaweka nini kuzuia mende?”

Nilijibu mimi. Naftalini.

Hapo daktari hakutoa hukumu yoyote, na ninampongeza kwa hilo. Aliendelea na uchunguzi wa mwili. Alipima mzingo wa kichwa na kuuandika katika mchoro, akampima uzito na urefu, akamwinua kwa makwapa na kuona jinsi mabega yalivyoteleza, akamwacha atembee kati ya kiti na mlango huku akitazama mikono yake, ambayo hujipinda taratibu anapokazana. Alichukua kopo jekundu akalipandisha polepole mbele ya uso wa mtoto, na mtoto akalifuata kwa kuinua kichwa kizima, si macho. Alimfunua midomo na kutazama meno, ambayo karibu na ufizi yana rangi ya kijani iliyofifia. Sisi miezi yote tuliyasugua kwa mkaa tukidhani ni uchafu. Baada ya hapo mtaalamu wa mazoezi tiba alikaa naye mkekani kwa dakika arobaini, akitumia orodha ya tathmini iliyotengenezwa Malawi na kuchapishwa mwaka 2010, yenye vipengele 136 katika nyanja 4: mijongeo mikubwa, kazi za vidole, lugha, na mahusiano na watu. Uzuri wa orodha hiyo ni kwamba mtoto hupewa vikombe, vijiti na maharage, vitu anavyovijua, badala ya kuulizwa jina la mnyama ambaye hajawahi kumwona. Mjukuu wangu alikuwa nyuma katika mijongeo na nyuma sana katika lugha, lakini katika mahusiano alikuwa karibu sawa na umri wake, na yule mtaalamu alitamka jambo hilo kwanza, kabla ya yale mabaya. Tuliambiwa pia kwamba, kwa vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivichapisha mwaka 2006, karibu watoto wote wenye afya hutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18, kwa hiyo ushauri wa kungoja tuliopewa alipokuwa na miezi 20 ulikuwa umekwisha kuchelewa.

Sasa nifike mahali ambapo kliniki hii inatofautiana na kile kituo cha kifurushi. Daktari alitupangia vipimo vichache na kwa kila kimoja alisema kinatafuta nini na jibu lake litabadilisha nini. Kipimo cha homoni ya tezi ya thairodi, kwa sababu upungufu wake hutibika kwa kidonge cha kila siku, na kila mwezi unaopita bila tiba katika utoto unaigharimu akili. Wingi wa damu na akiba ya madini chuma. Kipimo cha CK, kimeng’enya cha misuli, ambacho kwa mtoto wa kiume aliyechelewa kutembea kinaweza kuonyesha ugonjwa wa misuli wa Duchenne miaka kadhaa kabla haujajitokeza wazi. Kipimo cha G6PD, kimeng’enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu zisipasuke. Na usikivu, upya.

Nilimwambia usikivu umekwisha kupimwa na taa iliwaka kijani. Maelezo aliyonipa ninayaandika kwa kirefu kwa sababu naamini wapo wazazi wengine waliotulizwa na taa hiyo. Kifaa kile kidogo hupeleka mlio hafifu sikioni na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na vinyweleo vya sikio la ndani. Mwangwi ukirudi, vinyweleo ni hai. Hakijui lolote kuhusu mshipa wa fahamu unaoupeleka mlio huo kwenye ubongo. Kwa watoto wengi jibu hilo linatosha, lakini mtoto aliyepata manjano makali anaweza kuwa na sikio zima na mshipa uliovurugika, na huyo atafaulu kipimo cha mwangwi na bado asielewe anachoambiwa. Niliyaelewa maneno hayo mara moja. Bambo likichomwa kwenye gunia la mlangoni haliwezi kukupa habari ya korosho zilizoko nyuma ya ghala, na nimewahi kuwaona watu wazima wakitia sahihi kwa bambo moja. Kipimo tulichohitaji ni kile cha kubandika vitambuzi kichwani mtoto akiwa amelala, kumsikilizisha milio, na kusoma kama mshipa na shina la ubongo vinaitikia. Kwa hicho alituandikia rufaa ya Dar es Salaam.

Aliyoyakataa nayo yana thamani yake. Alikataa CT nyingine, kwa kuwa hutumia mionzi na haioni vizuri sehemu aliyokuwa akiishuku. Alikataa kurudia kipimo cha umeme wa ubongo, kwa kuwa mtoto hana degedege na hajapoteza ujuzi wowote. Nilipouliza habari ya vinasaba, ambayo mwanangu alikuwa ameisoma kwenye simu, hakuipuuza: alisema kwamba, mtoto akiwa amechelewa pasipo sababu inayojulikana, kipimo cha kuchunguza vipande vya kromosomu vilivyopungua au kuzidi hupata jibu kwa watoto takribani 15 hadi 20 katika kila 100, kwamba ni kipimo chenye maana kubwa kwa familia inayotaka kuzaa tena, na kwamba angekiandika bila kusita iwapo maswali yake yasingempa njia. Lakini njia alikuwa nayo, na fedha zetu si za kutupwa. Juu ya MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, alikuwa mkweli zaidi kuliko nilivyotarajia. Ingeweza kuthibitisha shaka yake, alisema, lakini matibabu yangekuwa yale yale, na mtoto wa umri huo hana budi kulazwa usingizi kwa dawa. Uamuzi ni wetu. Nilichagua ifanyike. Sikuwa na sababu ya kitabibu. Karani hutaka stakabadhi.

Majibu yalikuja kwa mafungu. Tezi ilikuwa salama, CK ilikuwa ya kawaida, madini chuma yalikuwa kidogo na alianzishiwa dawa ya maji. G6PD ilikuwa pungufu sana. Dar es Salaam, mwezi Machi, kipimo cha mshipa kilionyesha kwamba milio haifiki kwa mpangilio, masikio yote mawili, huku kipimo cha mwangwi kilichorudiwa siku hiyo hiyo kikiwaka kijani kama mwanzo. MRI ilionyesha alama pande zote mbili katika vile viini vya ndani vinavyoratibu mijongeo, mahali ambapo bilirubini, ile rangi ya njano, hupendelea kutua inapozidi kwenye damu ya mtoto mchanga.

Kikao cha kuelezwa majibu kilifanyika Mtwara mwezi Aprili, na kama ningelazimika kuipa alama sehemu moja tu ya huduma hii ningeipa hiyo. Daktari alimwomba mke wangu naye aje. Alieleza polepole kwamba upungufu wa G6PD ni wa kurithi, kwamba umeenea katika nchi ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi kwa sababu wenye kasoro hiyo hupata kinga kiasi dhidi ya malaria, na kwamba wengi huishi nao hadi uzee bila kujua. Chembe nyekundu za mtu wa namna hiyo hupasuka zikikutana na baadhi ya vitu, zikiwemo baadhi ya dawa na mvuke wa naftalini; zikipasuka kwa wingi kwa mtoto mchanga, ambaye ini lake bado halijaweza kuiondoa bilirubini, manjano hupanda kwa kasi ambayo jua la asubuhi haliwezi kuizuia. Hilo si homa ya manjano ya mbu, alisisitiza, maana tulikuwa tumeyachanganya. Tiba yake ni taa maalumu za buluu, na yakizidi, kubadilisha damu, na yote mawili huhitaji mtu aipime bilirubini kwanza. Ubaya ni kwamba mama huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku moja, ilhali manjano hufikia kilele siku ya 3 hadi ya 5.

Mke wangu aliuliza kama kasoro hiyo imetoka kwa mama. Ilikuwa imeanza kusemwa nyumbani, na mkamwana wangu aliposikia swali alitazama sakafu. Ni kweli kwamba kwa mtoto wa kiume kasoro hiyo hupitia kwa mama, na daktari hakudanganya, lakini alisema mama huibeba bila kuijua kama alivyoibeba bibi au babu yake, na kwamba mara nyingi peke yake haileti hali kama ile. Ilimbidi mtu mwingine aongeze neno pale, nami nililiongeza: sanduku ni langu, na vidonge vya naftalini nilivinunua mimi, Desemba, msimu wa malipo ya korosho, na risiti ninayo. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha daktari akarudi kwenye habari ya vifaa vya kusikia.

Hizo ndizo sifa. Lawama nazo zipo, na baadhi si ndogo.

Foleni haina namba. Watu hupangwa kwa kuwahi benchi, na aliyetoka Nachingwea au Tunduru kwa basi la usiku hukaa na mtoto mwenye degedege pamoja na mkazi wa Shangani aliyekuja kwa bajaji, wakati ingewezekana kuwapangia watu saa zao. Chumba cha mashauriano kimetenganishwa na ukumbi kwa pazia na ubao mwembamba. Nilipokuwa naulizwa kama mwanangu na mkewe wana undugu wa damu, nusu ya benchi ilisikia swali na nadhani nusu nyingine ilisikia jibu. Maabara ilikosa vitendanishi vya thairodi, CK na G6PD kwa wakati mmoja. Mtoto wa chini ya miaka 5 amesamehewa malipo katika vituo vya umma, na kweli kumwona daktari na mtaalamu hakukutugharimu shilingi, lakini msamaha huishia pale kitendanishi kinapokosekana, na hakuna aliyetuambia hivyo mapema. Tuliambiwa dirishani, mtoto akiwa amekwisha kuchomwa sindano. Ningependa kuona karatasi moja ukutani yenye orodha ya vipimo vilivyopo wiki hiyo na bei ya vile vya nje. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi ya miadi iliita mara kumi na moja katika wiki mbili bila kupokewa, na safari yetu ya tatu, ya Januari, ilikuwa ya bure kabisa kwa kuwa majibu ya G6PD yalikuwa bado yako njiani kutoka Dar es Salaam. Ripoti ya mwisho, kurasa tatu, imeandikwa yote kwa Kiingereza. Daktari alitusomea kwa Kiswahili na kwa ustadi mkubwa, lakini karatasi ndiyo inayokwenda nyumbani, na mwalimu wa shule ya awali atakayeipokea mwakani hatakuwa na daktari pembeni. Nilimwomba mkamwana wangu aandike tafsiri tukiwa bado tumekaa pale, na mtaalamu wa mazoezi tiba alimsaidia kwa moyo wote. Jambo hilo lingefaa liwe utaratibu, si fadhila.

Kwa anayetaka hesabu: thairodi 40,000, CK 25,000, G6PD 60,000, kipimo cha mshipa wa usikivu 120,000, na MRI 450,000, jumla shilingi 695,000 bila nauli na malazi. Ukiondoa MRI, ambayo niliitaka mimi, sababu ilipatikana kwa shilingi 245,000, karibu nusu ya tulichokilipa kwa kifurushi kilichosema hakuna kitu. Kifurushi kinanikumbusha kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya utaratibu: mnunuzi huja na kipimo chake mwenyewe mfukoni, na mkulima huambiwa bei kabla ya kuambiwa uzito.

Matarajio nayo yawekwe sawa. Kujua sababu hakukumponya mjukuu wangu, na kliniki haikutuahidi hivyo. Kilichobadilika ni kazi tunayoifanya. Mazoezi yake sasa yamelenga shingo, kiwiliwili na mikono, na hufanyika kila siku nyumbani kwa dakika ishirini, kwa sababu mtaalamu ni mmoja kwa kliniki nzima na humwona mara moja kwa mwezi. Anajaribishiwa vifaa vya kusikia vya kuvaa, ambavyo humsaidia mtoto wa aina hii mara kwa mara lakini si mara zote, na ikishindikana daktari ametaja upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu, ambao Muhimbili iliuanza mwaka 2017. Tumeanza kumsemesha kwa ishara za mikono pamoja na maneno, na kwa wiki sita ameokota ishara tisa. Meno tumeacha kuyasugua kwa mkaa. Kadi yake ya kliniki imeandikwa kwa herufi kubwa G6PD pungufu, pamoja na majina ya dawa asizopaswa kupewa, primakwini ikiwa ya kwanza, na nimeambiwa niionyeshe kila duka la dawa kabla sijafungua mkoba.

Anayekwenda achukue kadi ya kliniki, karatasi za kujifungulia hata kama zimechakaa, na picha za video za mtoto akila, akitembea na akilia, kwa sababu mtoto akifika mbele ya daktari mara nyingi hugoma. Aende na mtu aliyekuwepo nyumbani wiki ile ya kwanza ya maisha ya mtoto. Kwetu sisi mtu huyo alikuwa mama, na laiti ningemwacha azungumze kwanza tangu zahanati, pengine maneno juu ya macho ya njano yangefika mapema.

Mkamwana wangu sasa ni mjamzito wa miezi sita. Katika ziara ya Juni daktari alichukua kadi yake ya wajawazito, ambayo kwa utaratibu wa hospitali haikuwa kazi yake, akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto atakapozaliwa apimwe G6PD, apimwe bilirubini kabla ya kuruhusiwa na tena siku ya tatu, na kwamba mama asiondoke kituoni kabla ya vipimo hivyo hata akiambiwa yuko salama. Chini yake akapiga mhuri. Sanduku limetolewa chumbani na kupelekwa bandani, na nguo za mtoto huyu zitanunuliwa mpya.